Udongo wa Bondeni Temeke

Iringa, 4 Machi 2024

Mke wangu Atuganile,

Boksi limefika zima. Mizizi haikuoza hata mmoja, yale majani ya mgomba uliyoizungushia yamefanya kazi nzuri kuliko barafu ya kwetu hapa maabara. Nilisoma barua yako kwanza ndipo nikaigusa mizizi, wenzangu wakanicheka.

Unasema Zubeda, mwenzako wa kibandani, anakuambia watu wa maabara tunalipwa kwa kuchungulia. Basi ngoja nikueleze tunachochungulia, nawe umweleze. Unakumbuka zile mboga za chainizi ulizonunua Tandale, zimefungwa na mizizi yake, mizizi imevimba kama tangawizi, ukataka kwenda kumtupia muuzaji usoni? Mzizi ule ukiukata na kuuweka chini ya hadubini, unakuta kila seli imejaa vitu vya mviringo vimebanana kama ulezi kwenye gunia. Hizo ndizo spora za kulala. Ugonjwa ukishaumaliza mzizi, unajifungia humo na kulala udongoni miaka mingi. Hauli wala haunywi. Unasubiri mzizi mwingine uote jirani, ndipo unaamka.

Hapa tunayo hadubini ya elektroni, inaona mpaka ndani. Kila spora ina ukuta wa tabaka kadhaa, na kwa nje ukuta umejaa vijiba vidogo vidogo. Ndani yake kuna utando mwembamba ulioambatana na ukuta, halafu matone ya mafuta, hiyo ndiyo akiba yake ya chakula, na kiini kimoja tu. Lakini kuyaona yote hayo lazima spora ikatwe vipande, na hiyo ni kazi ya Demetria. Demetria anakata kwa kisu cha kioo. Unywele wa mwanetu Clara ukiupasua mara elfu ndipo utapata wembamba wa kipande cha Demetria. Anashika pumzi, anakata, anapumua. Nimefanya kazi na watu wengi, mikono ya namna ile sijaiona. Demetria anasema hata mimi nitajifunza nikiacha kunywa kahawa.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuahidi Juni nitakuwa nyumbani, na mkataba wangu unaisha Juni kweli. Ila Dokta Audax, mkuu wetu, amesema tukionyesha kwamba spora za Temeke zinaamka na kushambulia miche, utafiti utaongezwa miaka miwili na mimi nitakuwamo. Nahitaji udongo kutoka kwenye bustani ya Isack kule bondeni, ndoo moja, mbichi. Utanisaidia?

Baridi ni kali, lakini nimepata sweta. Mbusu Clara.

Mumeo,
Deogratias


Chang'ombe, 11 Machi 2024

Baba Clara,

Salamu utazipata mwishoni, kama zitabaki.

Nimesoma barua yako nimesimama, sufuria ya maharage inachemka, Zubeda ananiuliza mbona nimenuna. Demetria anakata. Demetria anasema. Mikono ya Demetria. Jina la mwanao umeliandika mara mbili tu, na hapo mara moja umemtaja ili upate unywele wa kumpimia Demetria kazi yake! Weee Deogratias, mie siyo mtoto mdogo.

Na hiyo sweta umeipata wapi? Hukusema umenunua. Umesema "nimepata". Sweta haiokotwi njiani. Mie nilikufungashia mashati manane na koti la marehemu baba yangu, koti zito hilo, alivaaga Tukuyu kwenye baridi ya kweli. Sasa limekuwaje, limepauka? Au halinukii vizuri?

Unajua kwa nini nilisema tuandikiane. Kwenye simu tunagombana, unanyamaza, mie napiga kelele, Clara anasikia, basi inakuwa aibu. Tukasema simu iwe ya Clara na salamu za Jumapili, mengine tuweke kwenye boksi. Nimelitimiza. Kila nikipeleka boksi Ubungo pale ofisi ya mabasi, yule kijana wa vifurushi ananiuliza, "Mama, leo tena?" namwambia ndiyo, leo tena, nina mume. Kumbe nafungasha mizizi ili akakatiwe na mwanamke mwingine.

Niulize kitu kimoja na unijibu kiume: huyo Demetria unamuwazaga ukiwa peke yako? Ndiyo au hapana. Usinieleze habari za hadubini.

Miaka miwili hapana. Uliniahidi Juni mbele ya kaka yangu. Udongo nitauangalia. Isack mwenyewe analalamika, chainizi zake zinanyauka mchana kweupe, anataka kuhamia kwenye mchicha.

Clara amepoteza jino la mbele. Anakusalimia yeye.

Atuganile


Iringa, 18 Machi 2024

Mke wangu,

Hapana. Nimejibu kiume kama ulivyotaka. Nikiwa peke yangu nakuwaza wewe, na kelele zako zote.

Sweta amefuma Demetria, sikufichi. Anafumaga akisubiri mashine ipoe. Amemfumia mlinzi, amemfumia Dokta Audax, na mimi zamu yangu imefika. Ya mlinzi ni nzuri kuliko yangu. Koti la baba mkwe navaa nikitoka nje, na maabara haturuhusiwi kuvaa makoti mazito kwa sababu ya vumbi. Hilo ndilo jibu lote, hakuna lingine.

Ili uamini nafanya kazi, nakutumia picha ya spora kutoka Temeke. Huo mstari mweusi mnene ni ukuta. Hayo meupe ya duara ni matone ya mafuta, yako mengi, kila moja peke yake. Hicho kijivu katikati ni kiini. Imelala hiyo, mke wangu, lakini ni nzima kabisa. Nikiiangalia nashangaa kwamba kitu kama hicho kilikuwa jikoni kwako kwenye sinki.

Kuhusu miaka miwili: nimewaza muda mrefu. Njooni huku wewe na Clara. Iringa kuna wafanyakazi, wanakula, utafungua kibanda. Nikikosa mradi huu nitarudi Dar kukaa tena nasubiri kuitwa kazini, kama mwaka ule. Sitaki Clara anione hivyo.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Tunapanda miche ya chainizi kwenye udongo wako. Mizizi ikivimba, spora zimeamka. Isipovimba, hakuna mradi na mimi narudi. Tuma udongo, tafadhali.

Mumeo,
Deogratias

Nyuma ya picha kuna mwandiko, ni wa Demetria, usishtuke. Ameandika "Kwa Mama Clara, jirani yako wa Temeke." Ni utani wake.


Chang'ombe, 27 Machi 2024

Mume wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na Clara anakusalimia sana.

Nimeielewa barua yako, nimetulia. Picha nimeiona, ni nzuri. Mwandiko wa huyo dada nao ni mzuri, mwambie ahsante kwa utani.

Iringa sitaweza. Kibanda hiki nimekijenga mwenyewe mkabala na geti la kiwanda, nimepigania hiyo nafasi na watu wenye miili kuliko wewe. Nikiondoka wiki moja tu kuna mtu kaweka meza. Lakini kazi yako sitaizuia. Mke gani anayezuia kazi ya mumewe?

Udongo huu hapa, ndoo nzima. Nimeenda mwenyewe bondeni kwa Isack, nikachimba pale chainizi zilipooza zaidi. Ulikuwa unanuka na una minyoo, nimeutengeneza vizuri kwa mikono yangu, nikauanika juu ya bati mpaka ukakauka, usije ukachafua boksi la watu. Sikutaka ufike kwenu ukiwa hovyo.

Panda miche yako. Yatakayotokea, yatokee.

Wako,
Atu


Iringa, 6 Mei 2024

Mke wangu,

Sina habari njema. Leo tumeng'oa miche. Mizizi yote myeupe, mirefu, imenyooka, hata uvimbe wa kichwa cha kiberiti hamna. Dokta Audax ameishika mmoja mmoja, ameirudisha mezani, akatoka.

Sielewi. Spora zipo, nimeziona mwenyewe kwenye hadubini ya kawaida, duara, nyingi, kuta nzima. Kwa nini haziamki? Na kuna kitu kingine cha ajabu. Kwenye ule udongo nilipotia aidini nikapata madoa ya bluu kama ya wanga, chembe zimevimba na kupasuka, sijawahi kuona kitu kama hicho kwenye udongo wa bustani. Nimemwonyesha Demetria. Akachungulia muda mrefu, akasema tu, "Niachie mimi, nitakata." Tangu hapo anakata peke yake na hataki mtu karibu.

Kwa hiyo Juni nitakuwa nyumbani, kama ulivyotaka. Nisamehe kama naandika bila raha. Nilitaka sana kitu hiki, Atu. Nilitaka mara moja katika maisha yangu niseme hiki nilikipata mimi.

Ulijitahidi, ulichimba mpaka ukaanika. Aliyeshindwa ni mimi.

Deogratias


Iringa, 9 Mei 2024

Dada Atuganile,

Hatujaonana. Mimi ni Demetria, nakata vipande hapa maabara na mumeo. Yeye hajui kama nakuandikia. Barua hii nimempa kondakta, ambaye ni ndugu yangu, ili aiache Ubungo kwa jina lako.

Naomba unisomee mpaka mwisho kabla hujaichana.

Spora ya kulala iliyo hai nimekata nyingi, naijua. Utando wake umeshikana na ukuta. Matone ya mafuta ni madogo na yametengana. Kiini kina mpaka wake. Zilizotoka kwenye udongo wako, ukuta upo mzima, na vijiba vyake vyote. Ndani utando umebanduka na kujikunja. Mafuta yameungana yakawa dimbwi moja. Kiini hakionekani. Ukiziangalia kwa nje utasema zimelala, ila zimekufa. Jua la Dar, hata juu ya bati, haliwezi kufanya hivyo. Maji ya moto ndiyo yanayofanya hivyo.

Na yale madoa ya bluu ya Deogratias ni wanga kweli. Wanga mbichi una umbo lake. Huu umevimba ukapasuka, umeiva. Ni wanga wa mchele, dada. Mumeo ni msomi mzuri, lakini hajawahi kuosha sufuria yenye ukoko. Mimi nimeosha.

Sijamwambia mtu. Kwenye ripoti nimeandika kwamba udongo ulikauka sana juani na spora zikafa kwa ukame. Dokta Audax amesaini. Tuma ndoo nyingine, mbichi kama ulivyouchimba, nami nitaomba tupewe jaribio la pili. Hakuna atakayejua, itakuwa baina yetu.

Najua kwa nini umefanya. Ningekuwa wewe sijui ningefanya nini. Nikuambie ukweli na mimi: mumeo ni mtu mzuri kukaa naye chumba kimoja. Ila boksi lako likifika hashiki kisu wala kioo mpaka ameisoma barua, na akiisoma anacheka peke yake. Mimi mwenyewe hakuna anayeniandikia. Nakuonea wivu, dada, na sioni sababu ya kukuficha.

Wako,
Demetria


Chang'ombe, 16 Mei 2024

Demetria,

Dada yako nani? Mie dada zangu wako Tukuyu.

Ndiyo, nimeuchemsha. Kwenye sufuria ya wali, ile kubwa, mchana wateja wameisha. Nikauchemsha mpaka ukatoa povu, Zubeda akadhani nimerogwa. Sufuria yenyewe nimeitupa, na nilikuwa naipenda. Sikutaka miche yenu ivimbe. Nilitaka mume wangu arudi nyumbani, basi.

Nani kakutuma unifichie? Umekaa hapo unajiona una huruma sana. Umeandika uongo kwa ajili yangu, sasa nikupigie magoti? Kila asubuhi unakaa na mume wangu, bega kwa bega, yeye anakuuliza kwa nini spora zimekufa, wewe unamtazama tu na unajua. Unajua habari za jikoni kwangu, yeye hajui. Nitalalaje? Afadhali ungemwambia tangu siku ya kwanza, nikatukanwa nikaisha.

Na usiniambie anavyocheka akisoma barua zangu. Hayo ni yangu. Hukutakiwa kuyaona.

Siri kati yako na mie hakuna. Leo hii namwandikia mwenyewe. Udongo mbichi nautuma, si kwa sababu umeniomba.

Atuganile, mke wa Deogratias


Chang'ombe, 16 Mei 2024

Baba Clara,

Kaa chini kwanza.

Ule udongo niliuchemsha. Sikuuanika tu, niliuchemsha kwenye sufuria ya wali, na yale madoa ya bluu ni ukoko wangu. Demetria ameyajua. Ameona kwenye vipande vyake kwamba zimekufa kwa maji ya moto, halafu akaandika kwenye ripoti kuwa ni jua, ili anifichie. Kaniandikia barua kwa siri akitaka nitume ndoo nyingine muendelee kama kawaida, wewe usijue.

Nisikudanganye nikakuambia roho iliniuma nikaamua kutubu. Barua yako ya miche ilipofika niliimba. Nilienda kununua pazia jipya la chumbani. Niliona huruma kidogo pale ulipoandika ulitaka kitu cha kusema umekipata wewe, niliona, lakini nikajisema atapoa akifika nyumbani, nitampikia. Ningeweza kukaa kimya mpaka tunazeeka.

Kilichonishinda ni yeye kujua. Mwanamke mwingine hawezi kujua umedanganywa na mkeo wakati wewe hujui, akakaa karibu yako anakutazama kwa huruma. Huruma juu yako ni yangu mie. Kama kuna mtu wa kukudanganya ni mie, na kama kuna wa kukuambia ni mie pia.

Nina wivu, Deo. Nimechoka kusema "nimekukumbuka" na "njoo" kama vile ni ugonjwa wa upweke. Ni wivu. Nakuonea wivu na hiyo kazi, na mashine, na hizo spora unaziandika vizuri kuliko ulivyowahi kuniandikia mie. Huyo mwanamke ndio kabisa.

Kwenye boksi kuna udongo mbichi wa kwa Isack, na minyoo yake. Ukipanda ukavimba utakaa miaka miwili. Najua. Nimeuweka hivyo hivyo.

Atu


Iringa, 16 Mei 2024

Mke wangu mpenzi,

Nakuja nyumbani. Tarehe mosi Juni, nimeshakata tiketi.

Jana Dokta Audax aliniita. Demetria amemwomba tupewe jaribio la pili, na mkuu amekubali. Akasema nikae, tuanze upya, na hata hili likishindikana kuna mradi mwingine wa migomba. Nilikuwa nimeiota siku hiyo. Nimemwambia hapana, ahsante.

Unajua kwa nini? Nilirudi chumbani nikasoma tena barua yako ya Machi, ile uliyoituma na udongo. Nilikuwa nimekuandikia kuhusu miaka miwili, nikategemea matusi, wewe ukaandika "kazi yako sitaizuia." Ulikuwa hutaki, nilijua hutaki, na bado ukaenda bondeni ukachimba, ukaanika, ukapakia kwa mikono yako. Nikajiuliza nimefanya nini cha kustahili mke wa namna hiyo, halafu namwacha peke yake na mtoto ili nikachungulie vitu vilivyolala.

Kazi nitatafuta hapo Dar. Na nikikosa nitakusaidia kibandani, nitaosha vyombo. Utanifundisha.

Sijawahi kukuambia vizuri kwa mdomo, sisi watu wa Bukoba tunajua kusifia shule zetu tu. Nakupenda, Atu. Nakuamini kuliko ninavyojiamini mimi.

Mumeo,
Deogratias


Chang'ombe, 17 Mei 2024

Deo,

Barua yako nimeipata sasa hivi, nimeisoma pale pale Ubungo, naandika juu ya kaunta ya vifurushi, watu wananisukuma. Mabasi yetu yamepishana njiani jamani. Jana nilituma boksi.

Usilifungue. Nakuomba kwa jina la mtoto. Nimekupigia simu tangu nimalize kusoma, inaita tu, najua simu mnaziacha mlangoni mwa maabara. Nimempigia kondakta, anasema boksi limeshachukuliwa. Labda lipo mapokezi. Labda hujalipitia. Lichukue ulitupe lilivyo, na barua iliyomo, au niletee hivyo hivyo tarehe mosi nitalifungua mwenyewe mbele yako na nitakueleza nikikuangalia usoni. Kwa mdomo nitasema vizuri zaidi. Kwenye ile barua nimesema vibaya, nilikuwa na hasira na mtu mwingine.

Umesema unaniamini. Hujawahi kuniambia hivyo. Ungeniambia Machi, Deo, ungeniambia tu Machi!

Njoo nyumbani. Pazia ni la kijani.

Atu wako


Iringa, 24 Juni 2024

Atuganile,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana.

Boksi nilikuwa nimelifungua kabla barua yako ya pili haijafika. Nilikasirika, bado nimekasirika, na sitaandika zaidi juu ya hilo maana nitaandika vibaya. Tiketi niliirudisha.

Barua yako nilimpelekea Dokta Audax. Usidhani nilitaka kukulipiza. Ripoti ilikuwa inasema spora zinakufa kwa kuanikwa juani, na ripoti ile ilikuwa inakwenda kwa wakulima. Kina Isack wangeambiwa waache mashamba yakauke na watapona, wangepoteza msimu mzima. Nisingeweza kukaa na hilo. Nilikunja karatasi ili jina lako lisionekane, nikamwonyesha sehemu ya maji ya moto tu. Akauliza nani alikata vile vipande.

Demetria hakusubiri kuitwa. Alisimama akasema ni yeye, aliona, akaandika uongo kwa hiari yake. Akaulizwa kwa nini. Hakukutaja mpaka mwisho. Amefukuzwa. Mimi ndiye niliyembebea begi mpaka stendi, tukakaa kwenye benchi tunasubiri basi la Songea. Akaniambia, "Usimgombeze mkeo. Alichemsha udongo tu, wewe na mimi ndio tulioandika yaliyomfikisha hapo." Akapanda basi.

Udongo wako mbichi niliupanda. Leo nimeng'oa miche, mizizi yote imevimba. Spora zimeamka. Utafiti umeongezwa, na kwa kuwa Demetria alishaanza kunifundisha kukata na hakuna mwingine anayejua, wamenipa nafasi yake na kisu chake cha kioo. Nimesaini miaka miwili. Clara nitampigia Jumapili kama kawaida, na likizo nitamtumia nauli aje na Zubeda.

Uliniuliza kama namuwaza Demetria nikiwa peke yangu. Nilikujibu hapana, na ilikuwa kweli.

Usiniulize tena.

Deogratias